Jicho, Ubongo na Mwalimu Wetu

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, ambaye ni tabibu wa macho, katika mkutano wetu wa mwaka)



Sikuja kujisifu, bali kuungama kosa.

Wa rika langu mtamkumbuka mwalimu wetu wa hesabu, aliyeita mahudhurio bila kufungua daftari. Alipostaafu alipatwa na kisukari, nami nilimpima macho kila mwaka. Siku moja aliniuliza habari za mama yangu, nikamjibu. Kabla sijazima taa akauliza tena, kisha tena. Nikacheka, nikasema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya uzee tu. Macho yako mazima." Nilitazama jicho, sikumtazama mwenye jicho. Miaka miwili baadaye alipotea njia ya nyumbani kwake mwenyewe. Majirani walinong'ona kuwa amerogwa. Haukuwa uchawi, wala haukuwa uzee tu. Ulikuwa ugonjwa wa ubongo.

Tangu hapo najiuliza: je, jicho lingeweza kuniambia?

Swali hilo si la kipuuzi. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huchipuka kutoka kwenye ubongo mtoto angali tumboni. Kwa hiyo ni kipande cha ubongo tunachoweza kukichungulia bila kumpasua mtu. Chombo cha kuchungulia alikitangaza Mjerumani Helmholtz mwaka 1851. Mwaka 1986 wataalamu waliochunguza maiti za wagonjwa wa Alzheimer walikuta nyuzi za neva ya jicho zimepungua. Mwaka 1991 ikatangazwa huko Marekani njia ya kupima kwa mwanga matabaka ya retina, hata kwa sehemu za elfu za milimita. Na mwaka 2018 uchunguzi wa watu zaidi ya 30,000 wa Uingereza ulionyesha kuwa wenye tabaka jembamba la nyuzi hizo walifanya vibaya zaidi, kwa wastani, katika majaribio ya akili.

Vijana, lishikeni neno hilo "wastani". Tabaka hilo hupungua pia kwa umri, kwa presha ya macho na kwa maradhi mengine. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Hadi leo hakuna tabibu awezaye kutazama picha ya retina peke yake akamwambia mtu, "Wewe utasahau majina ya wanao."

Hata hivyo kazi hii inafaa kuendelezwa. Kule Hai, Kilimanjaro, wazee wa miaka 70 na zaidi walipochunguzwa, kama 6 katika kila 100 walikutwa na ugonjwa wa kusahau. Mashine za kupiga picha za ubongo ziko mbali na wengi wao. Kamera ya macho hubebeka garini, nayo haiumizi. Wapenzi wa baiolojia na hesabu, kazi inawangoja.

Nasi watu wazima, mzee akirudia swali mara tatu, tusicheke. Tumpeleke hospitali, kwani kusahau kwingine huletwa na dawa au maradhi yanayotibika. Mwalimu nisingeweza kumponya. Lakini angepata miaka miwili ya kupanga mambo yake na kuagana nasi akili ikiwa timamu. Alifariki bila kulikumbuka jina langu.