Kiti cha Nakuru Mjini: Miaka Hamsini ya Kura Zilizoamuliwa Nje ya Sanduku



Mliniomba nizungumze juu ya uchaguzi, nami nimechagua kuzungumza juu ya eneo la uwakilishi Bungeni ambalo halipo tena. Mji wa Nakuru ulikuwa na mbunge mmoja tangu mwaka 1963 hadi Bunge la kumi lilipofikia kikomo mwanzoni mwa mwaka 2013. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 uliukuta mji umekwisha kugawanywa mara mbili, Mashariki na Magharibi, kila upande na mbunge wake. Kwa hiyo tunayo historia iliyofungwa, yenye mwanzo na mwisho, na mwanasheria hupenda faili lililofungwa kwa sababu halibadiliki akilisoma.

Katika faili hili nimeona jambo moja likijirudia. Sisi tumezoea kulinda sanduku la kura. Tunapeleka mawakala vituoni, tunakesha na taa, tunahesabu. Ni vyema. Lakini katika Nakuru, mara nyingi yaliyoamua ni nani aketi katika kiti kile yalitendeka kabla mpiga kura hajaishika karatasi yake, au baada ya kuitumbukiza: katika ukumbi wa Bunge, mahakamani, gerezani, katika ofisi ya mkuu wa wilaya, na barabarani ambako watu walikuwa wakikimbia na magodoro kichwani.

Nakuru ni mji uliozaliwa na reli. Walowezi waliufanya kuwa makao ya biashara ya mashamba yao, na nyuma ya walowezi walikuja makarani, mafundi wa reli, vibarua, wachuuzi na wenye maduka wa Kihindi. Wengi wa waliopiga kura huko mwaka 1963 walikuwa wamezaliwa kwingine. Labda ndiyo sababu hawakuona ajabu kumchagua mwana wa Rarieda, kando ya Ziwa Victoria. Huyo alikuwa Ramogi Achieng Oneko, mmoja wa wale sita walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Mzee Jomo Kenyatta. Wanasheria vijana walioko hapa wakumbuke kwamba Oneko alishinda rufani yake mwaka 1954, na hata hivyo hakuachiliwa. Mahakama ilisema hana hatia, serikali ya kikoloni ikaendelea kumweka kizuizini miaka mingine mingi. Mtu huyo ndiye mji huu uliompeleka Bungeni mara ya kwanza, naye akawa waziri wa habari na utangazaji katika serikali ya uhuru.

Aprili 1966 Oneko alijiuzulu akamfuata Jaramogi Oginga Odinga katika chama kipya cha Kenya People's Union. Mwezi huo huo Bunge likabadilisha Katiba kwa kasi ya ajabu: mbunge yeyote aliyekihama chama kilichomdhamini alipoteza kiti chake, hana budi kurudi kwa wapiga kura. Sheria hii inastahili kutazamwa kwa haki. Kwamba mtu akibadili chama arudi kwa waliomtuma ni kanuni njema, na Katiba yetu ya mwaka 2010 bado inayo katika ibara ya 103. Ubaya haukuwa katika kanuni. Ubaya ulikuwa kwamba kanuni ilitungwa kwa ajili ya watu waliokwisha kujulikana kwa majina, baada ya kitendo chenyewe kutendeka, na watungaji ndio waliokuwa wapinzani wao katika uchaguzi uliofuata. Ni sawa na kubadili sheria za mpira dakika ya 70 kwa sababu timu moja imefunga bao.

Uchaguzi huo wa Juni 1966, ambao watu waliuita uchaguzi mkuu mdogo, ulimkuta Oneko hana chombo. Waziri wa zamani wa redio alikuwa mgombea wa chama ambacho hakikupewa nafasi sawa katika redio, na mikutano yake ilitegemea ruhusa ya maofisa waliokuwa chini ya wapinzani wake. Nchini kote KPU ilipata kura nyingi kuliko KANU katika chaguzi hizo ndogo, lakini ikaambulia viti 9 tu. Nakuru Mjini haikuwa miongoni mwa hivyo. Kiti kilikwenda kwa Mark Mwithaga wa KANU. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1969, baada ya umwagaji damu wa Kisumu, KPU ilipigwa marufuku na Oneko akarudishwa kizuizini, safari hii na serikali ya Wakenya wenzake. Hakutoka hadi mwaka 1975.

Sasa tazameni yaliyompata yule aliyemshinda. Mwithaga hakuwa kibaraka. Alichaguliwa tena, na J. M. Kariuki alipouawa Machi 1975, mbunge wa Nakuru Mjini alikuwa miongoni mwa wajumbe wa kamati teule ya Bunge iliyochunguza mauaji hayo, kamati iliyoongozwa na Elijah Mwangale na ambayo ripoti yake iliwatia hofu wakubwa. Mwaka huo huo Mwithaga alifungwa jela kwa shtaka la kushambulia, lisilohusiana hata kidogo na kazi ya kamati. Sitaki kuamua hapa kama shtaka lilikuwa la kweli au la uongo. Kupiga mtu ni kosa, na mbunge hana kinga ya kosa hilo. Nawaomba tu mpime wakati. Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa Oktoba ya mwaka huo ndani ya maeneo ya Bunge lenyewe. Wakati serikali inapochagua ni mafaili gani ya zamani yafukuliwe, mpiga kura amekwisha kupokonywa sauti hata kama kila hakimu amefuata kitabu.

Kwa namna hiyo katika muda wa miaka 10 mji ulipoteza wabunge wawili, mmoja kwa sheria mpya na mwingine kwa sheria ya zamani.

Miaka ya chama kimoja nitaipita upesi, isipokuwa jambo moja. Kuanzia 1969 hapakuwa na chama kingine uwanjani, na Juni 1982 kifungu cha 2A kiliyafanya mazoea hayo kuwa sheria. Hata hivyo, ndani ya KANU watu waliendelea kuwaangusha mawaziri kwa kura ya siri, na hilo liliwaudhi wakubwa. Ndipo tukaletewa mlolongo. Katika uteuzi wa mwaka 1988 mpiga kura alipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, mbele ya chifu, mbele ya mwajiri wake, mbele ya mwenye nyumba. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. NCCK ilikuwa imekwisha kuupinga mpango huo tangu mwaka 1986, na wachungaji waliosema kwamba muumini hawezi kulazimishwa kuonyesha moyo wake hadharani waliitwa wachochezi.

Nataka muuelewe mlolongo kwa jicho la wakili. Karatasi ya kura hutunzwa. Ukiwa na shaka unakwenda Mahakama Kuu, sanduku linafunguliwa, zinahesabiwa upya. Foleni haitunzwi. Watu wakishatawanyika kwenda kunywa chai, kinachobaki ni tarakimu aliyotamka afisa mmoja, na hakuna mahakama duniani inayoweza kuwarudisha watu wale mahali walipokuwa wamesimama. Katika miji kama Nakuru, ambako mtu anaishi katika nyumba ya halmashauri na kufanya kazi kwa kibali cha halmashauri, kusimama hadharani nyuma ya mtu asiyetakiwa kulikuwa na gharama inayojulikana hadi shilingi ya mwisho. KANU yenyewe ilikubali kuuacha mlolongo Desemba 1990, na Desemba iliyofuata kifungu cha 2A kikafutwa.

Uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992 ndio ninaouheshimu kuliko yote katika faili hili. Kumbukeni hali ilivyokuwa. Mapigano yaliyoanza Oktoba 1991 yalikuwa yamefika Molo na Olenguruone. Wakimbizi walijaa katika viwanja vya makanisa, na Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Jimbo Katoliki la Nakuru alisema waziwazi yale ambayo wengi walinong'ona. Waliokimbia waliacha kadi zao katika nyumba zilizoteketea, na vijana wengi nchini hawakupewa vitambulisho kwa wakati. Kila kitu kiliwaambia watu wa Nakuru wapige kura kwa damu na ukoo. Nao wakamchagua Dkt. John Lwali-Oyondi wa Ford-Asili, mtu ambaye jina lake halikuwa la jamii yenye kura nyingi zaidi mjini. Walikitazama chama na msimamo wake, wakapiga kura. Ninapowasikia wataalamu wakisema kwamba Mkenya hajui kupiga kura ila kwa kabila, huwauliza kama wamesoma matokeo ya Nakuru Mjini ya 1963 na ya 1992.

David Manyara alikichukua kiti mwaka 1997. Mwaka 2002, katika wimbi la NARC, kikamwangukia mwenzetu katika taaluma, Mirugi Kariuki. Huyu alikuwa wakili wa mjini hapa. Mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na Gibson Kamau Kuria alipotayarisha kesi kwa niaba yake na wenzake juu ya mateso waliyopata, wakili huyo naye alikamatwa Februari 1987 akawafuata wateja wake kizuizini. Oktoba 1990 Mirugi alishikwa tena pamoja na Koigi wa Wamwere na Rumba Kinuthia, safari hii kwa shtaka la uhaini, ambalo adhabu yake ni kifo. Uchaguzi wa 1992 ulimpita akiwa rumande. Shtaka liliondolewa Januari 1993, wiki chache tu baada ya kura kuhesabiwa. Mtu huyo alikuja kuwa waziri msaidizi wa usalama wa ndani katika Ofisi ya Rais, ofisi ile ile iliyokuwa ikitia sahihi amri za kuwafungia watu. Alifariki tarehe 10 Aprili 2006 katika ajali ya ndege karibu na Marsabit, wakielekea mkutano wa kupatanisha jamii, pamoja na wabunge wengine na watumishi wa kanisa. Uchaguzi mdogo wa Julai ulimpa kiti mwanawe, William Kariuki Mirugi. Ilikuwa kura ya huzuni, na sina la kuilaumu, ingawa naona tumezoea mno kuvifanya viti vya Bunge kuwa urithi wa matanga.

Mbunge wa mwisho wa eneo zima alikuwa Lee Kinyanjui wa PNU, aliyechaguliwa Desemba 2007. Mwezi mmoja baadaye, mwishoni mwa Januari 2008, mji uliwaka. Uwanja wa maonyesho ya kilimo na uwanja wa Afraha vilijaa watu waliofukuzwa, baadhi yao wakitoka mitaa ya mji huu huu. Aliyefukuzwa Kaptembwo akaenda kuanza maisha upya penginepo hakupoteza nyumba tu. Alipoteza kituo chake cha kupigia kura, na mtaa wake ukabaki na rangi moja zaidi kuliko awali. Mstari uliochorwa na tume mwaka 2012 kuugawanya mji ulipita juu ya mji ambao ulikuwa umekwisha kujipanga upya kwa hofu. Sisemi tume ilikusudia hivyo. Kugawanya kulihitajika: kwa miaka mingi mbunge wa mjini alibeba wapiga kura wengi kuliko wenzake wa mashambani, maana yake kura ya Bondeni ilikuwa nyepesi kuliko kura ya kule nyikani. Katiba ya 2010 iliongeza viti kutoka 210 hadi 290 ili kupunguza dhuluma hiyo.

Na hapa ndipo faili lililofungwa linapogusa kazi yetu. Ibara ya 89 inaitaka tume ipitie mipaka kila baada ya miaka 8 hadi 12. Muda wa mwisho ulifika Machi 2024 hali nchi haina makamishna, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Zoezi litakapofanyika, someni ibara hiyo kwa makini. Idadi ya watu katika eneo inaweza kupishana na wastani wa nchi kwa asilimia 30, lakini katika majiji, na katika sehemu zenye watu wachache, inaruhusiwa kufika asilimia 40. Mwaka 2012 Nakuru ilikuwa mji. Tangu Desemba 2021 ni jiji. Kwa hiyo heshima tuliyoishangilia kwa ngoma inaweza kutumiwa kuwarundika watu wengi zaidi nyuma ya mbunge mmoja, na mtu wa Rhonda au Kivumbini akarudi pale alipokuwa kabla ya 2013.

Dawa imo katika ibara hiyo hiyo. Yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu kupinga uamuzi wa tume, mradi afanye hivyo katika siku 30 tangu uamuzi utangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, nayo kesi yapasa isikizwe na kuamuliwa ndani ya miezi mitatu. Siku 30 hazitoshi kutafuta wakili, kuchanga ada na kupata watu wa kutia sahihi hati za kiapo. Hayo yafanywe sasa. Nimewaachia makatibu nakala za ibara hiyo na ramani za wadi zote za pande mbili. Kila parokia na kila usharika uteue watu wawili wanaojua mitaa yao, nyumba kwa nyumba, nao waandike ni wapi mpaka wa sasa unakata soko, shule au mtaa katikati.

Maswali nitayapokea sasa, tuanze na kina mama walio nyuma.