Je, umelala? Mazungumzo juu ya wema na afya ya mwili

 

Tuanze na swali moja: ni nani kati yetu aliyelala usiku wa jana bila kushtuka? Tunaona mikono ni michache. Wengi wenu mlikimbia nyumba na mashamba tangu mwaka 2023, wakati ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipowaka upande wa Lubunga. Na sisi tuliokulia hapa Kisangani tulikuwa watoto mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita katikati ya mji wetu. Hata leo ngurumo ya mvua hutuamsha. Kushtuka si wazimu, wala si udhaifu.

Tuangalie kinachotokea mwilini. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Hatari ikija, tezi hizo zinamimina adrenalini na kortisoli katika damu. Moyo unapiga mbio, sukari inapanda, miguu inapata nguvu ya kukimbia. Ndivyo wengi wetu tulivyopona. Kwa mtu aliyetulia, kortisoli hupanda asubuhi na kushuka usiku. Lakini hofu ikidumu miezi na miezi, mwili unakuwa kama jiko ambalo hakuna anayepunguza kuni. Usingizi unakimbia, kichwa kinauma, hasira inakaa karibu. Mtoto anamwaga maji kidogo, anapigwa. Neno dogo penye kisima linageuka kuwa ugomvi wa kabila. Mtu aliyechoka hivyo huamini uvumi upesi. Kwa hiyo kutuliza mwili ni kazi ya amani pia.

Lakini tusidanganyane. Siku moja tulifika kufundisha kupumua, na mama mmoja akatuambia kwamba watoto wake hawajala tangu jana. Tuliona haya. Alikuwa na haki. Kule Rarieda, magharibi mwa Kenya, watafiti waligawia familia maskini pesa bila masharti, kisha wakapima kortisoli katika mate yao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: kortisoli ilikuwa chini zaidi pale pesa zilipokuwa nyingi, au zilipowekwa mkononi mwa mama kuliko mkononi mwa baba. Basi, ninyi viongozi, mnaposoma orodha ya msaada mbele ya watu wote, bila kuficha jina wala kupendelea ndugu, mnatibu watu. Haki ni wema wa kwanza.

Baada ya hapo, kuna mambo ambayo hayahitaji pesa:

Kupumua. Vuta pumzi polepole hadi tumboni, kisha itoe taratibu zaidi. Fanya hivyo dakika chache, hasa kabla ya kujibu mtu aliyekuudhi.

Kulala. Tujaribu kulala na kuamka saa zile zile. Lotoko huleta usingizi upesi, lakini huuvunja katikati ya usiku, na asubuhi hasira imeongezeka.

Kutembeza mwili. Kulima, kucheza mpira, kucheza ngoma, kutembea na rafiki: vyote vinasaidia.

Kutendeana wema. Mwili una homoni nyingine, oksitosini. Hutoka mama anaponyonyesha, na pia tunapokumbatiana na mtu tunayemwamini, nayo husaidia kutuliza hofu. Anayetoa wema naye hufaidika.

Haya yamejaribiwa kwa watu kama sisi. Katika kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wakimbizi wanawake kutoka Sudan Kusini walikutana kwa vikundi muda wa wiki tano, wakisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa. Miezi mitatu baadaye, mateso ya moyo yao yalikuwa yamepungua kuliko ya wale ambao hawakupata mafundisho hayo. Walioongoza hawakuwa waganga. Mwaka 2020 OMS ilitoa kitabu chenye mafundisho hayo, na somo lake moja ni kutenda wema, kwa wengine na kwako mwenyewe.

Lakini asiyekula tena, anayesikia sauti au anayesema afadhali afe, tusimwachie wema peke yake. Tusimcheke, tusimfunge kamba. Tumsindikize kwenye kituo cha afya, na tukae naye huko.

Tunamaliza kwa ombi moja. Wiki hii, kila kiongozi aliye hapa achague mtu mmoja wa upande mwingine. Amsalimie kwa jina lake, kisha amuulize: je, umelala? Halafu anyamaze, asikilize jibu mpaka mwisho.

Sasa tusimame wote. Tuvute pumzi pamoja, polepole.