ROKETI ILIYOPASUKA NA MAMBO 63 YALIYOANDIKWA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Jumamosi, Temeke)



Nawashukuru kwa kuniita kusema mbele yenu jioni hii, na hasa nawashukuru wenzetu wa Kinondoni waliovuka mji mzima katika mvua na msongamano wa magari ili wafike huku kwetu Temeke. Nilipopata barua ya Katibu nilitaka kukataa, kwa kuwa mimi si mtu wa elimu ya mitambo; kazi yangu tangu ujana ni kalamu na jalada. Lakini Katibu aliniambia kwamba swali lenyewe lamhusu karani kama limhusuvyo fundi, nami nilipolifikiri nikaona amesema kweli.

Mwakumbuka jinsi swali lilivyozuka. Katika mkutano uliopita karani kijana mmoja alitupitishia simu yake tutazame picha za roketi kubwa ya Marekani iliyorushwa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Tuliiona ikipanda, tukaiona ikiyumba na kupinduka, kisha ikapasuka vipande vipande. Na mara tukasikia sauti za wale walioiunda wakishangilia kama watu waliofunga bao. Mzee mmoja akauliza, "Hao washangilia nini? Mali yao yateketea nao wapiga vigelegele?" Tukacheka, tukabishana hata adhana ya magharibi, tusipatane. Basi hilo ndilo nililoagizwa kulijibu.

Kwanza yafaa tuijue roketi yenyewe. Sote tumeona fataki za sikukuu. Fataki hupanda kwa sababu baruti yake huungua na kutoa moshi kwa nguvu upande wa chini, na moshi ukitupwa chini, fataki husukumwa juu. Roketi ndiyo hiyo hiyo iliyokuzwa. Hiyo tuliyoiona yaitwa Starship, ya kampuni ya SpaceX. Urefu wake ni mita 120 hivi, na ikijazwa mafuta uzito wake wakaribia tani 5,000. Lori litokalo bandarini na kupita Barabara ya Mandela likibeba tani 30 twasema limebeba mzigo. Hesabuni wenyewe malori mangapi. Na ajabu ni kwamba sehemu kubwa kabisa ya uzito huo si shehena, ila ni mafuta ya kujiinulia. Mafuta yenyewe ni methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya Songo Songo iletwayo kwa bomba mpaka Ubungo kufulia umeme. Wao huipoza sana hata ikawa kama maji. Na kwa kuwa huko juu hakuna hewa ya kuwashia moto, huchukua na oksijeni yao, nayo imepozwa vile vile. Chini ya chombo zimepangwa injini 33, na zote hutakiwa kuwaka na kusukuma kwa pamoja.

Aliyewahi kuwasha jenereta moja asubuhi ya mvua atafahamu maana ya kuwasha injini 33 kwa amri moja.

Mabwana hao walitaka kuirusha Jumatatu, tarehe 17 Aprili, lakini valvu moja iliganda kwa baridi wakaahirisha. Ikarushwa Alhamisi, tarehe 20 Aprili 2023, kutoka Boca Chica, pwani ya Texas karibu na mpaka wa Meksiko. Kwa saa zetu ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na tatu alasiri, katika siku za mwisho za Ramadhani, watu wa huku wakiandaa futari. Injini tatu hazikusaidia tangu mwanzo, na nyingine zikazimika njiani. Ilifika kilometa 39 juu, ikashindwa kuongozwa, ikaanza kujipindua. Ikaamriwa ijilipue, kama ilivyopangwa kwa usalama wa watu. Lakini hata kujilipua ilikawia kuliko ilivyotarajiwa. Tangu kuondoka hata kupasuka ilikuwa kama dakika nne. Ndani hamkuwa na mtu.

Sasa, washangilia nini? Jibu la nusu ni hili. Kabla ya siku ile kampuni ilikuwa imekwisha kutangaza kipimo chake: ya kwamba roketi ikiondoka tu kwenye jukwaa bila kuliharibu, hilo litahesabiwa kuwa jema. Iliondoka, ikapanda dakika kadhaa, nao wakapata habari za kila injini wasizoweza kuzipata ikiwa imekaa ardhini. Mtu aliyetaja kipimo kabla ya kupima ana haki ya kufurahi kwa kipimo hicho. Sina ugomvi naye hapo.

Lakini jibu la nusu ya pili halikusikika katika vifijo vile, nalo ndilo linihusulo mimi. Jukwaa halikusalimika. Moto wa injini ulichimba shimo chini yake, ukarusha mapande ya zege mbali, na vumbi lake likawaangukia watu wa mji wa Port Isabel, wasiokuwa na hisa wala sauti katika kampuni hiyo. Baada ya vifijo wakaja watu wasiopigiwa makofi kabisa: makarani na wakaguzi wa serikali. Watumishi wa idara ya samaki na wanyama wa porini walikwenda kutazama ardhi, wakaandika kwamba mabaki ya zege yametapakaa katika ekari 385, na kwamba ekari tatu na nusu za mbuga zimeungua. Wakaandika pia kwamba katika ardhi wanayoilinda hawakukuta mzoga wa ndege wala wa mnyama. Nawaomba mlitazame hilo la mwisho. Mtumishi mwenye chuki angeliacha jambo hilo la heri asiliandike, na mtumishi mwenye kujipendekeza angeliandika hilo peke yake.

Kisha ofisi ya serikali isimamiayo usafiri wa anga ilizuia roketi nyingine isirushwe. Kampuni yenyewe ilichunguza mambo yake, lakini ilichunguza chini ya jicho la ofisi hiyo, na mwezi wa Septemba 2023 orodha ikatoka: mambo 63 ya kusahihishwa. Sitini na matatu, Mabwana! Miongoni mwake ni kuzuia mafuta yasivuje na moto usizuke, kulijenga jukwaa upya liwe imara zaidi, na kuifanyia majaribio zaidi ile mitambo ya kujilipua. Roketi ya pili ilirushwa tarehe 18 Novemba 2023, juu ya bamba la chuma litoalo maji ya kupoza moto. Na safari hii injini zote 33 ziliwaka mpaka sehemu mbili za chombo zilipotengana. Nayo ikaja kuvunjika baadaye, lakini jukwaa lilisimama, na watu wa Port Isabel hawakunyeshewa zege. Nadhani nikiwa Port Isabel ningewapigia makofi wale wa kalamu.

Mtu asiseme haya ni mambo ya mbali. Mbele ya pwani ya Malindi Waitaliano walirusha vyombo vya angani kwa miaka mingi, na kimoja kilichorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kikaitwa kwa Kiswahili Uhuru. Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni huko huko Kenya, ilianguka kutoka mbinguni pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi na upana wa mita mbili na nusu. Shirika la Anga la Kenya lilitangaza kuwa ni kipande cha roketi. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia. Wanakijiji walipotoka nje kutazama, nani alikuwa wa kwanza kutakiwa afike na daftari? Mtumishi wa serikali.

Ila mfano uliokaa moyoni mwangu zaidi ni wa jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Katika miaka ya sabini kampuni moja ya Wajerumani iitwayo OTRAG, chini ya Bwana Lutz Kayser, ilipatana na serikali ya Zaire kukodishwa eneo la kilometa za mraba 100,000 hivi katika jimbo la Shaba, upande wa mto Luvua. Mkoa wetu wote wa Dar es Salaam, Kinondoni na Temeke na viunga vyote, waingia humo zaidi ya mara 60. Wenyeji wa huko husema Kiswahili kama sisi, ingawa kwa lafudhi yao.

Fikira ya Bwana Kayser ilikuwa ya werevu, wala sitaki mtu aidharau. Alisema, badala ya kuunda roketi moja kubwa ya ghali, tuunde mabomba membamba yaliyo sawa sawa, tuyafunge pamoja kama tita la kuni. Mzigo ukiwa mzito tuongeze mabomba, hata yafike mamia. Valvu zake zilizungushwa na mota za kufutia mvua kwenye vioo vya motokaa, kwa kuwa ni rahisi na zapatikana. Mafundi wa Gerezani wangempenda mtu huyo. Tita la kwanza, la mabomba manne, lilirushwa tarehe 17 Mei 1977, likaruka. La pili likaruka tarehe 20 Mei 1978.

Tarehe 5 Juni 1978 likaletwa la tatu, na safari hii Rais Mobutu mwenyewe alikuja kutazama pamoja na wakubwa wake. Roketi ilipanda kidogo, ikainama, ikaenda kuanguka bondeni. Picha zake zipo hata leo. Ni mwanguko ule ule wa Texas, tena mdogo sana kuliko ule. Lakini huku hapakuwa na kipimo kilichotangazwa kwa watu kabla. Kipimo kilikuwa ni uso wa mkubwa. Na mkataba wenyewe, maneno yake yalipotoka magazetini mwaka 1977, ulionekana kuipa kampuni haki ya kuitumia nchi ile kwa kurushia roketi bila kizuizi. Mimi ni karani wa zamani, nimesoma mikataba mingi, na maneno "bila kizuizi" hunifanya nivue miwani na kuifuta, nisome tena. Maana yake ni kwamba kati ya mrushaji na mkulima wa Luvua hapana mtu mwenye kalamu.

Na pasipo na kumbukumbu iaminikayo, uvumi huingia kukaa. Nchi jirani ziliingiwa na hofu, Warusi wakatangaza kwamba ni silaha zinazotengenezwa, kampuni ikakana. Mwaka 1979 serikali ya Zaire ikaiambia iache, ikahamia Libya. Tita la mamia ya mabomba halikuruka kamwe. Wengine husema ilikufa kwa siasa, nami nakubali siasa ilikuwa kubwa. Lakini kampuni yenye orodha ya makosa iliyothibitishwa na ofisi ya watu wengine ingekuwa na kitu cha kuonyesha ilipotuhumiwa.

Mwenyekiti atazama saa, nami nimebakiwa na jambo moja, la aibu.

Nilipokuwa kijana niliwekwa karani wa bohari katika ofisi moja ambayo sitaitaja, wala msijisumbue kuibashiri. Ililetwa pampu mpya ya kisima cha mtaa mmoja wa pembeni. Siku ya kuijaribu walikuja wakubwa, watoto wakajipanga na ndoo. Pampu iliwaka, ikatoa maji kama dakika tano, watu wakashangilia sana, kisha ikakohoa ikazimika. Fundi alisema kuna chuma kilicholegea ndani, irudishwe kwa muuzaji. Mkubwa wangu akanivuta kando akaniambia, "Mwanangu, maji yametoka, sote tumeyaona. Andika: imejaribiwa, imefaa." Nikaandika, nikatia sahihi. Nilikuwa na mke mja mzito na miezi mitatu tu kazini. Nalitaja hilo si kwa kujitetea, ila mpate kujua jinsi mambo hayo yanavyokuwa.

Pampu haikutoa maji tena. Watu wa mtaa ule walipopeleka madai, muuzaji alionyesha nakala ya karatasi yangu. Imefaa. Wakaendelea kununua maji ya mikokoteni, kwa ndoo, na baadhi yao nilikuwa nikikutana nao kila siku njiani kwenda kazini, wakinisalimu, "Shikamoo Bwana Karani," bila kujua.

Kwa hiyo mzee wetu aliyeuliza washangilia nini, namjibu hivi: hata watoto wale wenye ndoo walishangilia, na walikuwa na haki. Dakika tano za maji ni dakika tano za maji. Tofauti ya Texas na kisima chetu ilikuja baada ya vifijo, nani alikwenda na daftari na aliandika nini. Kule waliandika 63. Mimi niliandika neno moja.

Karatasi ile sikuichana, wala nilipostaafu sikuiomba. Jalada lake lilikuwa la rangi ya kijani, na kwa desturi ya ofisi ile majalada ya mitambo hayakutupwa. Naamini lipo rafuni hata sasa, na sahihi yangu imo.

Bwana Mwenyekiti, wenzetu wa Kinondoni watachelewa magari. Nakaribisha maswali, kisha niketi.