TAKA ZA VISIMA VYA MAFUTA: SHERIA YASEMAJE?

Leo, katika somo letu la sheria, twataka kuutazama uchafu utokao ardhini pamoja na mafuta na gesi. Mfano wetu ni nchi ya Marekani.

Mtu achimbaye kisima cha mafuta hapati mafuta matupu. Kwanza yako matope yaliyochanganywa na dawa, ambayo hutiwa kisimani ili kupoza keekee na kupandisha vipande vya mawe. Kisha, mafuta yanapopanda, maji nayo hupanda. Maji hayo mara nyingi yana chumvi kupita maji ya bahari, na pengine yana radiumu ndani yake. Yakimwagwa shambani, mimea hufa. Yakipenya mpaka kisima cha kunywa, maji ya kisima hicho hayanyweki tena.

Basi maji hayo yawekwe wapi, na nani aamue?

Mwaka 1976 Marekani ilitunga sheria kuu ya taka. Sheria hiyo yaamuru kwamba taka ya hatari ifuatwe tangu itokeapo hata iishiapo. Lakini mwaka 1980 Bunge la nchi hiyo lilizitoa kwa muda taka za uchimbaji wa mafuta na gesi katika masharti hayo makali, likaiagiza Idara ya Kulinda Mazingira izichunguze kwanza. Mwezi wa Julai 1988 Idara ilitoa uamuzi wake: masharti makali hayahitajiki, usimamizi uachiwe majimbo na sheria nyinginezo. Uamuzi huo ungalipo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kuwa taka iliyosamehewa haina madhara. Sivyo. Katika jambo hili sheria haiulizi kwanza, "Je, kitu hiki kina sumu?" Yauliza, "Kimetoka wapi?" Maji yaliyopanda kutoka chini ya kisima yamesamehewa, hata yakiwa na sumu, bali oili chafu ya mashine iliyo kando ya kisima hicho hicho haikusamehewa.

Sehemu kubwa ya maji hayo hurudishwa chini kwa pampu, katika visima virefu vinavyosimamiwa kwa sheria ya maji ya kunywa ya mwaka 1974. Hapo pia pana hatari. Katika jimbo la Oklahoma, maji mengi yaliyosukumwa chini yalileta matetemeko ya ardhi. Tetemeko la tarehe 3 Septemba 2016, karibu na mji wa Pawnee, lilikuwa na nguvu ya 5.8. Wasimamizi wa jimbo wakaamuru visima kadhaa vifungwe.

Kwa hiyo, msikilizaji, penye kisima cha mafuta au gesi usitosheke kuambiwa kuwa sheria imefuatwa. Uliza mambo matatu: taka hii imetoka wapi, yapelekwa wapi, na nani aandika kiasi chake? Jadilianeni hayo katika vikundi vyenu.