Tarakimu ya mwisho katika fishi ya mtoto

Leo tuzungumze juu ya kilo ya mtoto na namna inavyoandikwa katika fishi yake.

Angalieni mizani hii ya kutundika. Kati ya 7 na 8 kuna alama ndogo ndogo. Kila alama ni gramu 100, ni kusema sehemu moja ya kumi ya kilo. Mshale ukisimama kwenye alama ya pili, munganga anaandika 7,2. Ndiyo yote mizani imeona.

Lakini munganga mwenye haraka anaandika kilo iliyo karibu tu, bila alama ndogo. Hatari iko wapi? Mtoto wa 7,4 anaandikwa 7. Anaharisha, anashuka mpaka 6,6. Anaandikwa tena 7. Amepoteza gramu 800, na fishi inasema yuko vilevile! Basi mama, ukiona 7 peke yake, uliza kwa heshima: "Munganga, alama ndogo inasema nini?" Kama mshale uko sawasawa juu ya 7, aandike 7,0. Sifuri ile si ya bure: inaonyesha kwamba alama ndogo zimeangaliwa.

Kuzidisha tarakimu nako si vizuri. Mtoto alikuwa 6,7. Kiisha miezi tatu ni 7,2. Ameongeza 0,5. Tukigawanya kwa 3, mashine ya kuhesabu inaonyesha 0,1666666. Nani aliona gramu hizo zote? Mizani haikuziona. Tuseme tu: karibu 0,2 kila mwezi. Hesabu haijui kupita kipimo chake.

Tena, leo 7,2, kesho 7,1: usiogope mara moja. Nguo, kunyonya ao kukojoa vinaweza kugeuza alama moja. Lakini kama mwezi kwa mwezi kilo haipandi, hiyo si kosa la mizani, tuambie. Na mtoto akiharisha ao akikataa ziwa, usingoje siku ya kupima. Umlete upesi.

Siku ya kupima mfanye hivi:
1. Mvueni mtoto nguo nzito.
2. Mshale uwe kwenye 0 mbele ya kumtundika.
3. Ngojeni atulie.
4. Someni namba pamoja na munganga, mpaka tarakimu ya mwisho.