Goti la kijana wa mpira

Kijana amerudi kutoka kwa mpira, goti limejipinda na kuvimba. Usiite mutu wa kulikanda na mawese! Najua, yeye ni jirani na hospitali iko mbali. Lakini kukanda siku za kwanza kunaongeza damu ndani. Mulalishe, inua muguu juu ya nguo za kukunjwa, weka kitambaa cha maji ya baridi, funga na bande isiyobana.

Hawezi kutembea hatua 4? Goti linakataa kunyooka, ao lilivimba sana kwa masaa 2 tu? Mulete siku ile ile. Pengine kamba inayofunga mifupa imekatika, nayo mafuta haiiungi.

Uvimbe ukiisha, akaze paja kwanza: anyooshe muguu, ahesabu mpaka 5, apumzike, arudilie. Goti likimuachilia wakati anageuka, mpira ungoje.