Tongotongo Si Jambo Dogo



Mandewa, kata ya Manispaa ya Singida, imo katika ukanda mkavu wa nchi. Vumbi ni jingi, mifugo hulala karibu na nyumba, na maziwa ya jirani, Singidani na Kindai, ni ya maji ya chumvi. Mazingira ya namna hii ndiyo yanayopendwa na vikope, yaani trakoma.

Vikope huletwa na bakteria, nao huenea kwa vidole, kwa kanga moja inayofuta nyuso za watoto wawili, na kwa nzi wanaofuata tongotongo. Hila ya ugonjwa huu ni kwamba haumpofushi mtoto papo hapo. Mwalimu humwona akipikicha macho mekundu huku bado anasoma ubao, naye hudhani si kitu. Kumbe uvimbe ukirudi mwaka hata mwaka, ndani ya kope hufanyika makovu. Kope hugeukia ndani, vinyweleo vyake hukwaruza kioo cha jicho, na giza humkuta ukubwani. Wanawake huumia zaidi, maana ndio walezi wa hao watoto wagonjwa.

Husemwa kwamba nyuso ni chafu kwa kuwa maji hayapo. Hiyo ni nusu ya kweli. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, wilaya kavu vilevile, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 ulilinganisha vijiji 6. Vyote vilipata dawa. Vitatu vikaongezewa kampeni ya kuosha nyuso, na humo vikope vikali vikapungua zaidi. Tena ilikwisha kuonekana huko kwamba uso wa mtoto hutaka maji machache kuliko wazazi walivyodhani. Kumfukuza mtoto darasani kwa ajili ya tongotongo, basi, ni kumwonea, ikiwa shule yenyewe haina hata kibuyu chirizi.

Malawi, jirani yetu, ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kuwa imevitokomeza vikope kama tatizo la afya ya jamii.

Hata hivyo, si kila jicho jekundu ni vikope. Mtoto anayelia kwa maumivu na kukimbia mwanga apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asitiwe dawa za majani.

Na yule mwanafunzi mtoro, huenda ndiye anayemshika bibi yake fimbo. Mwalimu na aulize. Upasuaji wa kope haurudishi nuru iliyokwisha kupotea, lakini huokoa iliyobaki.